"Tumeelewana, tunaomba tarehe": nani ana mamlaka ya kuongeza muda wa kukamilisha suluhu ya kesi ya madai?

Shauri la madai linapoitwa katika Mahakama ya Wilaya ya Ilemela au ya Nyamagana, au katika Mahakama Kuu Kanda ya Mwanza, kuna maneno yanayosikika mara kwa mara: "Mheshimiwa, tumeelewana, tunaomba tarehe tukamilishe hati." Tarehe inapangwa, wahusika wanatoka nje wakipeana mikono. Mdai anaondoka akiamini kesi imekwisha. Mdaiwa anaondoka akiamini amepata ahueni ya kutafuta fedha. Inawezekana wote wawili wamejidanganya, kwa sababu suluhu hubanwa na muda zaidi ya mmoja, na siku ile hakimu ameongeza mmoja tu.

Hapo ndipo wengi wanapopoteza haki zao bila kujua. Wanadhani mwenzao akikubali kusubiri, basi na sheria nayo imesubiri. Haiko hivyo. Muda wa usuluhishi una mwenyewe, ratiba ya kesi ina mwenyewe, ukomo wa kufungua madai una mwenyewe, na tarehe za malipo zilizokwisha kuingia kwenye tuzo ya mahakama, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu, zina mwenyewe. Ukimwomba nyongeza mtu asiye na mamlaka nayo, hujaomba kitu.

Tutumie mfano wa kubuni. Mama anayeuza dagaa kwa jumla mwaloni Kirumba alimkopesha mfanyabiashara wa Igoma mzigo wa shilingi milioni 48. Akalipwa milioni 12, zikabaki 36. Simu zilipoacha kupokelewa, akafungua shauri. Mbele ya msuluhishi wakaelewana: milioni 10 zilipwe mara moja, zinazobaki kwa awamu. Kilichobaki ni kuandika hati ya suluhu, kuisaini na kuipeleka mahakamani. Kazi ndogo, kwa kuitazama. Lakini wakili wa mdaiwa yuko safarini Bukoba, mdaiwa anasubiri fedha za mzigo alioupeleka Kongo, na mama naye amekumbuka kwamba hawakuzungumzia riba. Siku zinakwenda.

Hakimu anayeombwa muda katika hali hiyo hana kazi rahisi. Ibara ya 107A(2) ya Katiba ya Tanzania inazitaka mahakama zifuate kanuni kadhaa zinapoamua mashauri. Mojawapo ni kutochelewesha haki bila sababu ya msingi. Nyingine, katika ibara hiyo hiyo, ni kukuza na kuendeleza usuluhishi baina ya wanaohusika katika migogoro. Akikataa haraka, anaweza kuvunja makubaliano yaliyokaribia kuiva. Akikubali kila mara, suluhu inageuka mbinu ya kupiga kalenda, na anayeumia ni yule aliyekuja kutafuta haki yake. Ndiyo maana ombi lisilosema kimebaki nini na kitakamilika lini linastahili kukataliwa, hata kama pande zote mbili zimeliunga mkono.

Tuanze na usuluhishi wenyewe. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, mahakama hupeleka shauri la madai kwenye usuluhishi au njia nyingine ya maridhiano kabla ya kulisikiliza. Utaratibu huu uliingizwa mwaka 1994, na kanuni zake zikaandikwa upya mwaka 2019. Amri ya 8 ya sheria hiyo inasema kipindi cha usuluhishi kisizidi siku 30 kuanzia siku ya kikao cha kwanza. Siku hizo hazihesabiwi tangu shauri lilipofunguliwa wala tangu msuluhishi alipoteuliwa. Usuluhishi unafika mwisho kwa njia tatu: wahusika wamesaini makubaliano, au msuluhishi, baada ya kushauriana nao, ametangaza kwamba kuendelea hakuna faida, au siku 30 zimekwisha.

Wengi hushtuka wanapofika siku ya 31. Wameelewana juu ya fedha, hati haijasainiwa, na jalada linarudi kwa hakimu au jaji wa kusikiliza shauri. Wanaona kama makubaliano yamekufa. Hayajafa. Kilichokwisha ni kipindi cha usuluhishi, na haki ya kumaliza kesi kwa maelewano ingalipo. Amri ya 23, kanuni ya 3, inairuhusu mahakama kuandika makubaliano halali yaliyofikiwa na wahusika, kwa shauri zima au sehemu yake, na kutoa tuzo kulingana nayo. Wanaweza kuelewana kabla ya mashahidi kuitwa, au shahidi wa pili akiwa kizimbani. Kwa hiyo mama wa Kirumba na mdaiwa wake hawana sababu ya kung'ang'ania kurefusha kipindi cha usuluhishi. Wanachotakiwa kumwomba hakimu mwenye shauri ni ahirisho fupi ili wawasilishe hati. Hilo analiweza, kwa kuwa Amri ya 17 inampa mamlaka ya kuahirisha shauri pale sababu ya kutosha inapoonyeshwa.

Kuna chanzo kimoja cha kuchelewa ambacho sheria ilikwisha kukiona mapema. Anayehudhuria usuluhishi anatakiwa awe na mamlaka ya kukubali, na kama anahitaji idhini ya mtu mwingine, ahakikishe mtu huyo anapatikana kwa simu au njia nyingine muda wote wa kikao. Mara ngapi afisa wa tawi anakaa mezani Mwanza, anakubali kila kitu, kisha anasema idhini lazima itoke makao makuu Dar es Salaam! Hapo siku 30 zinaliwa na barua za ndani za kampuni. Msuluhishi anayeuliza swali la mamlaka katika dakika za kwanza za kikao anaokoa wiki kadhaa, na wewe uliye upande wa pili usione haya kuliuliza mwenyewe.

Muda wa pili ni wa ratiba ya kesi. Mahakama hulipangia shauri daraja la kasi: miezi 10 kwa mashauri mepesi, 12 kwa ya kawaida, 14 kwa magumu, na mashauri ya aina ya pekee yasizidi miezi 24. Amri ya kupanga ratiba ikishatolewa haibadilishwi kwa kuwa tu wahusika wamekubaliana nje ya chumba. Mahakama yenyewe lazima iridhike kwamba mabadiliko yanahitajika kwa maslahi ya haki, na anayenufaika nayo kwa kawaida ndiye hubeba gharama, isipokuwa mahakama ielekeze vinginevyo. Kama suluhu yako inayumba na daraja la kesi linakaribia mwisho, ombi la kurekebisha ratiba lipelekwe kabla muda haujaisha.

Na ukishaisha? Kifungu cha 93 cha sheria hiyo hiyo kinaipa mahakama uwezo wa kuongeza muda iliouweka yenyewe kwa tendo linaloruhusiwa na sheria hiyo, hata kama muda wa awali umekwisha kupita. Ni msaada mkubwa, na nimeona watu wakikata tamaa mapema kwa kutokukijua. Lakini ni uwezo wa hiari ya mahakama. Mwombaji anakuja na maelezo, hana haki ya kudai.

Sasa tufike kwenye muda unaoumiza kuliko yote: ukomo wa kufungua madai. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, miaka 3 kwa madai ya madhara yasiyotokana na mkataba, na miaka 12 kwa kudai ardhi. Tuseme mama yetu hakwenda mahakamani mapema. Mzigo ulitoka Machi 2019, zile milioni 36 zilizobaki zilitakiwa kabla mwezi huo haujaisha, na tangu hapo wamekuwa wakizungumza. Vikao kwa mzee wa ukoo, vikao kwa mwenyekiti wa mtaa, ahadi baada ya ahadi, zote za mdomo. Machi 2025 ikapita. Mazungumzo yote hayo hayakusimamisha hata siku moja. Mahakama ya Rufani ilikwisha kulisema hilo, mojawapo ya mashauri yakiwa rufaa ya kampuni ya P & O International dhidi ya wadhamini wa Hifadhi za Taifa (TANAPA): mazungumzo ya kabla ya kesi hayazuii muda wa ukomo kuendelea kuhesabika.

Naliona hili kuwa kali, hasa kwa watu waliolelewa kuamini kwamba kukimbilia mahakamani kabla wazee hawajakaa ni utovu wa adabu. Anayeheshimu mazungumzo ndiye anayeadhibiwa, na mdaiwa mwenye hila anajua kuyarefusha mpaka siku ipite. Wala hakimu hana huruma ya kutoa hapo. Uwezo wa mahakama wa kuongeza muda chini ya kifungu cha 14 unahusu rufaa na maombi. Kufungua shauri lenyewe hakumo. Kwa shauri, mwenye uwezo ni Waziri mwenye dhamana ya sheria, chini ya kifungu cha 44, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na nyongeza yake haiwezi kuzidi nusu ya muda uliowekwa. Kwa deni la miaka 6, basi, isizidi miaka 3. Ni mlango halisi, ila ni mwembamba na uko mbali na mwaloni.

Lakini sheria hiyo hiyo ina kinga ambayo ingemfaa mama huyu kuliko kikao chochote. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kusaini, au akilipa sehemu yake, muda unaanza kuhesabiwa upya kuanzia siku ya kukiri au ya malipo hayo ya mwisho. Karatasi moja yenye maneno "nadaiwa shilingi milioni 36 za dagaa, nitalipa", tarehe na saini, iliyoandikwa kabla ya miaka 6 kwisha, ingempa miaka mingine 6. Hata shilingi laki 2 zilizolipwa kwa simu kama sehemu ya deni, zikithibitika, zingemsaidia. Kwa hiyo unapokwenda kwenye kikao cha wazee, nenda, lakini usitoke bila saini. Na kama mdaiwa anasema yuko tayari kulipa ila hataki kuandika, jibu lake umeshalipata. Fungua shauri, kisha endeleeni na mazungumzo shauri likiwa mahakamani.

Mtego mwingine unafanana na huo. Baada ya kuelewana kwa mdomo, mdaiwa anamshawishi mdai aondoe shauri: "Mama, ukiifuta kesi nitakulipa, kesi inaniharibia jina." Anaiondoa. Fedha hazilipwi. Amri ya 23 inasema anayeondoa shauri bila ruhusa ya mahakama ya kulifungua tena hawezi kurudi na madai hayo hayo. Na hata akiwa na ruhusa, ukomo unahesabiwa kana kwamba shauri la kwanza halikuwahi kufunguliwa. Bora kuomba ahirisho la wiki tatu hati ikamilike kuliko kuondoa shauri kwa imani. Hakuna mdaiwa mwenye nia njema anayeumizwa na hukumu ya makubaliano ambayo mwenyewe ameisaini.

Kwa migogoro ya ardhi kuna hesabu yake. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena mgogoro wa ardhi, linasuluhisha tu. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linataka uthibitisho kwamba usuluhishi wa kata umeshindikana, lakini kata ikikaa siku 30 bila kufikia suluhu, mlalamikaji anaruhusiwa kuendelea bila cheti hicho. Mwenye kiwanja Buswelu anayezungushwa miezi mitano na katibu wa baraza hana sababu ya kuendelea kuzungushwa. Ukiidai Serikali, ikiwemo halmashauri, unatanguliza notisi ya siku 90, na siku hizo ndizo nafasi nzuri ya kuelewana bila kesi. Mahakama za Mwanzo nazo zina kanuni zake, kwa hiyo taratibu za Sura ya 33 nilizoeleza hapa zisibebwe kwenda huko bila kuuliza.

Turudi kwa hakimu wetu wa Ilemela. Ombi la nyongeza linakubalika kwa vipi? Vigezo vinavyotajwa zaidi ni vya Mahakama ya Rufani katika ombi la kampuni ya ujenzi ya Lyamuya, la mwaka 2010: mwombaji aeleze kipindi chote cha kuchelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, aonyeshe bidii na si uzembe au kutojali, na kama zipo sababu nyingine nzito, kama vile kasoro ya kisheria katika uamuzi unaolalamikiwa, zitajwe. Vigezo hivyo vilitungwa kwa maombi rasmi ya kuongezewa muda, na ahirisho la kawaida halipimwi kwa ukali huo. Hata hivyo, anayejipima navyo kabla ya kusimama mbele ya hakimu atakuwa na la kusema.

Neno lenye uzito hapo ni kipindi chote. "Nilikuwa naumwa" halitoshi kama uliumwa siku nne na umechelewa siku arobaini. Mdaiwa aliyekwama Nansio kwa sababu meli haikusafiri kutokana na upepo ana sababu nzuri kwa siku ile, na tiketi yake au taarifa ya kuahirishwa kwa safari iambatanishwe. Haielezi kwa nini wiki mbili zilizotangulia hakusoma rasimu aliyotumiwa. Siku hizi hati husajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama na baadhi ya mashauri husikilizwa kwa njia ya video, hivyo umbali wa Ukerewe au Sengerema si kisingizio kizito kama zamani.

Ombi zuri la kukamilisha suluhu, kwa maoni yangu, linabeba rasimu yenyewe. Pande zote zinaleta hati ilipofikia, zinaonyesha vifungu vilivyokubalika na viwili vitatu vilivyobaki, na zinataja tarehe. Hakimu akiona vifungu tisa vimekubalika na kilichobaki ni riba, ana sababu ya kutoa siku 14. Akiona karatasi tupu, ana sababu ya kuita shahidi wa kwanza. Na pande zote ziwepo. Usidhani kwamba kwa kuwa mmeelewana hakuna haja ya kufika. Shauri linaweza kufutwa kwa kutohudhuria, na anayekosa kikao cha usuluhishi bila sababu ya msingi anaweza kufutiwa shauri kama ni mdai, au utetezi wake kuondolewa kama ni mdaiwa.

Hati nayo iandikwe kwa uangalifu, kwani hukumu ya makubaliano haikatiwi rufaa kama hukumu nyingine. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria, na sioni sababu ya mama wa dagaa kusaini kurasa sita za Kiingereza asizozielewa. Iandikwe kiasi cha kila awamu na tarehe yake. Iandikwe kitakachotokea awamu moja ikikosekana: je, deni lote lililobaki linadaiwa papo hapo, au kuna siku kadhaa za kusubiri? Iandikwe nani analipa gharama za kesi. Jambo jingine la kuangalia ni kwamba tuzo inafuata makubaliano kwa kadiri yanavyohusu shauri lenyewe. Kama mdaiwa ameahidi pia kumpa mama injini ya mtumbwi ambayo haikuwa sehemu ya madai, ahadi hiyo inaweza kubaki nje ya tuzo, ikahitaji shauri jipya ili kuidai. Ni afadhali thamani yake ihesabiwe kwa fedha ndani ya deni.

Tuzo ikishatolewa, tarehe za malipo zinatoka mikononi mwa wahusika na kuingia mikononi mwa mahakama. Tuseme awamu ya tatu ilitakiwa Juni, na mdaiwa anaomba hadi Agosti. Mama anakubali kwa simu. Kisheria awamu ile bado ni ya Juni. Amri ya 20 inairuhusu mahakama, baada ya tuzo, kuahirisha malipo au kuyagawa kwa awamu kwa ombi la mdaiwa na kwa ridhaa ya mwenye tuzo, yaani aliyeshinda, hapa mama. Vyote viwili vinatakiwa, ombi na ridhaa, na viingie kwenye jalada. Bila hivyo mama anaweza Julai kuomba kukazia hukumu, yaani mahakama iitekeleze kwa nguvu, na mdaiwa aliyetegemea simu atakuwa na kazi ngumu ya kujitetea. Upande wa mama, ana miaka 12 ya kukazia hukumu, na kifungu cha 14 cha Sheria ya Ukomo wa Muda kimeutaja muda huo waziwazi kuwa mahakama haiwezi kuuongeza.

Malipo yenyewe yana hatari ambayo sijaona ikielezwa vya kutosha kwa wafanyabiashara wetu. Chini ya Amri ya 21, kanuni ya 2, fedha zilizolipwa nje ya mahakama ili kutekeleza tuzo zinatakiwa zithibitishwe mahakamani, na malipo yasiyothibitishwa au kuandikwa hayatambuliwi na mahakama inayokazia hukumu. Mdaiwa anaweza kuwa ametuma milioni 20 kwa simu, ana ujumbe wote, na bado akakuta dalali wa mahakama mlangoni kwa deni zima. Wajibu wa kuithibitishia mahakama ni wa mwenye tuzo, lakini mdaiwa naye anaruhusiwa kuipa taarifa mwenyewe na kuomba mwenye tuzo aitwe aseme kama kuna sababu malipo yasiandikwe. Basi kila awamu ikilipwa, iandikwe taarifa fupi yenye namba ya shauri, kiasi, tarehe na namba ya muamala, pande zote zisaini, iingizwe kwenye jalada na kila mmoja abaki na nakala yenye muhuri. Awamu ya mwisho ikilipwa, taarifa hiyo iseme tuzo imetekelezwa yote, ili shauri lifungwe.